Kitanda Kimoja, Wageni Wawili

Agosti mwaka mmoja nilikuwa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, nikiwafundisha wenye nyumba ndogo za wageni. Jioni, teksi mbili zikasimama kwa kufuatana mbele ya nyumba ya mama mmoja. Moja ilileta familia kutoka Ujerumani, nyingine vijana wawili wa Nairobi. Wote walikuwa na uthibitisho kwenye simu: chumba kilekile, tarehe zilezile. Mama akafungua daftari lake la mapokezi. Jina lilikuwa moja, kwa wino wa buluu.

"Mwalimu, daftari langu halina kosa."

Kweli halikuwa nalo. Chumba kilitangazwa kwenye tovuti mbili za kuweka nafasi, na kila tovuti ina kalenda yake. Kijana wake aliziunganisha kwa njia ya bure, ambayo tovuti moja huchungulia kalenda ya mwenzake kila baada ya saa kadhaa tu. Vijana wa Nairobi walilipa ndani ya pengo hilo. Wakalala kwa dada yake mama, na tofauti ya bei akailipa mama mwenye nyumba.

Iko dawa yake: programu ya kulipia kila mwezi ambayo wenye hoteli huiita chaneli meneja. Chumba kikiuzwa pahala pamoja, programu hufunga tarehe hizo kwingine kote papo hapo au ndani ya dakika chache. Kwa mwenye vyumba vitatu ada hiyo inauma, lakini apige hesabu ya kumhamishia mgeni kwa jirani wakati Agosti nzima imejaa.

Ugonjwa huu ni mkongwe kuliko intaneti. Makarani wa shirika la ndege la American Airlines waliwahi kupanga nafasi kwa kadi za karatasi, na kukamilisha nafasi ya abiria mmoja kuliweza kuchukua saa moja na nusu. Mwaka 1953 mkuu wa shirika, C. R. Smith, alijikuta ndani ya ndege na muuzaji wa IBM, kampuni ya kompyuta, naye Smith vilevile. Mazungumzo yao yakazaa SABRE, mfumo wa kompyuta wa kuweka nafasi za ndege, ulioanza kazi mwaka 1960, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru. Utalii na usafiri viliiwahi kompyuta kwa sababu bidhaa yake haiwekeki. Muhogo usiouzwa leo utaukausha uwe makopa. Kitanda kilicholala wazi usiku wa leo, kesho hakiuziki tena.

Kati ya tovuti za kuweka nafasi, Booking.com ilianzia Uholanzi mwaka 1996, Airbnb San Francisco mwaka 2008. Kabla ya hapo, nyumba ya Jambiani isingeonekana Munich bila wakala wa huko kuichapa kwenye kitabu chake. Leo inaonekana kwa picha tano za simu, ila mlango una ushuru. Kamisheni ya asilimia 15 ni jambo la kawaida: chumba cha dola 60 kwa siku tano ni dola 300, na 45 hazifiki Jambiani. Sioni wizi hapo, maana wakala wa zamani naye alikata chake. Kinachonisumbua ni kwamba tovuti nyingi humficha mgeni nyuma ya anwani ya barua pepe ya kupitishia tu. Akitaka kurudi mwakani, anarudi kwa tovuti, na kamisheni inakatwa upya kwa mtu uliyekwisha kumpikia pweza wa nazi. Kwa hiyo mgeni akiwa kwako, muombe namba yake kwa hiari yake. Wengi hutoa, hasa siku ya kuondoka.

Halafu kuna siku intaneti yenyewe inaanguka. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, SEACOM na EASSy, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizokwama. Bahati ilikuwa masika, wageni wachache. Mama wa Jambiani alikuwa na chaneli meneja wakati huo, lakini kila baada ya Magharibi alikuwa bado akinakili majina ya wageni wa wiki inayokuja kwenye lile daftari. Jumatatu asubuhi dereva alipompigia kuuliza nani wa kupokelewa uwanja wa ndege, alimsomea.