Si Lazima Aseme Yote Leo

Mimi hutibu watu wenye kiwewe, na meneja wa rasilimali watu wa kampuni moja hapa Nairobi amenipigia simu. Gari lililowabeba wafanyakazi wake lilipinduka juzi, naye anataka niwaketishe wote pamoja kesho, kila mmoja asimulie alichokiona, walie, kisha Jumatatu warudi kazini wakiwa wazima. Nimekataa, kama nilivyowakatalia wengine kabla yake, na kwa kuwa nimechoka kulieleza jambo hili kwa simu, nimeamua kuliandika.

Wengi huamini kwamba kiwewe ni kama chakula kibovu tumboni: ukikitapika, umepona. Mwaka 1983, Mmarekani Jeffrey Mitchell aliandika utaratibu wa vikao vya kusimulia tukio, akiwalenga wazima moto na wahudumu wa ambulensi, na baadaye vikao hivyo vikasambazwa kwa kila mtu aliyenusurika chochote. Huko Oxford, majeruhi wa ajali za barabarani walifuatiliwa kwa miaka 3, ikaonekana kwamba waliofanyiwa kikao kimoja hospitalini walikuwa na hali mbaya kuliko wenzao ambao hawakufanyiwa, na walioumia zaidi ni wale waliokuwa na dalili kali tangu mwanzo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba vikao hivyo visitumiwe kwa watu waliofikwa na tukio karibuni. Badala yake kuna huduma ya kwanza ya kisaikolojia: usalama, maji, blanketi, simu ya kuwapigia jamaa, na mtu wa kumsikiliza anayetaka kusema. Asiyetaka asichokonolewe.

Nikisema hivyo, kuna wanaonielewa kinyume kabisa na kutangaza kwamba basi aliyenusurika anyamaze, amwachie Mungu, atasahau. Sikusema hivyo! Ukwepaji ndio unaolisha maradhi haya. Katika tiba ya mwanasaikolojia Edna Foa, mteja hufumba macho na kulisimulia tukio lile lile kwa sauti, kana kwamba linatokea sasa, kisha husikiliza rekodi yake nyumbani. Ikiwa kusimulia kunadhuru kule na kunaponya huku, tofauti iko katika mambo ambayo mameneja hawayaulizi. Kwanza ni wakati, kwa sababu watu wengi hupata nafuu wenyewe katika wiki za mwanzo, na ndiyo maana hatutaji maradhi ya kiwewe kabla dalili hazijazidi mwezi mmoja. Pili ni hiari, na sijui ni hiari gani aliyonayo mfanyakazi aliyeitwa ukumbini na mwajiri wake. Lakini kubwa zaidi ni marudio: kikao kimoja humfungua mtu na kumwachilia aende nyumbani hofu ikiwa kileleni, ilhali tiba huirudia kumbukumbu hiyo wiki baada ya wiki mpaka mteja ajue kwa mwili wake kwamba kukumbuka si kupatwa tena. Isitoshe, katika kundi, aliyekuwa amezirai kwenye kiti cha nyuma atasimuliwa maiti ambazo hakuziona.

Wala kusimulia si njia pekee. Hapa hapa Nairobi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia, walishiriki katika majaribio ya mpango wa vikao 5 wa Shirika la Afya Duniani, ulioendeshwa na wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa. Hakuna aliyetakiwa kusimulia tukio. Waliopewa mpango huo walijifunza kupumua polepole, kutatua shida moja baada ya nyingine, kurejea shughuli na kutafuta watu wa kuwategemea. Dhiki yao ilipungua kuliko ya wale waliopelekwa kwa wauguzi kwa huduma ya kawaida.

Kuhusu tiba ya kusogeza macho ya mwanasaikolojia Francine Shapiro, ambamo mteja hukumbuka tukio huku macho yake yakifuata kidole cha mtabibu, nitasema kwa ufupi: ninaitumia, inasaidia, na ninashuku kwamba macho yenyewe hayana kazi kubwa.

Shaka yangu kubwa iko kwingine. Tiba nyingi za kumbukumbu zimejengwa juu ya dhana kwamba hatari imekwisha, na mimi nina wateja ambao jioni hurudi katika nyumba ya yule yule anayewapiga. Hofu ya mama kama huyo si dalili ya kupunguzwa, kwa kuwa ndiyo inayomwonya afunge mlango. Kwake mimi huahirisha kumbukumbu na kuanza na mahali salama pa kulala. Wapo wenzangu wanaosema kwamba kuahirisha huko nako ni ukwepaji, wangu safari hii, na bado sijapata jibu la kuwaridhisha.