Herufi moja iliyonenepa

Mwalimu mstaafu kutoka Kondoa aliniletea kijitabu cha Kirangi, kurasa 64, hadithi alizokusanya kwa wazee wa kwao. Nikakipanga, nikatoa nakala ya kusahihisha, nikamkabidhi. Akavaa miwani, akasoma mistari mitatu, akaweka kidole juu ya neno.

"Mwanangu, hii mbona imenenepa peke yake?"

Nikainama kuangalia. Kweli. Kila penye ʉ, ile u yenye kistari katikati, herufi ilikuwa nzito kuliko wenzake na fupi kidogo, kama mpita njia aliyeingia kwenye picha ya familia. Kurasa 64 zilikuwa zimepita mbele ya macho yangu na sikuona kitu, mimi ninayekula kwa kazi hii. Nikamwambia, "Samahani mwalimu, niachie hadi kesho."

Nitaeleza nilichokikuta, kwa sababu malalamiko mengi ya fonti, yaani mitindo ya herufi za kompyuta, ninayoletewa, ukiyachimba, yana mzizi mmoja. Hati yako ya Word kwa kawaida haina herufi ndani. Ina namba na majina. Inaiambia kompyuta: hapa weka herufi namba 0289, kwa fonti iitwayo fulani. Umbo lenyewe, yaani mchoro unaouona, kompyuta inakwenda kulichota kwenye faili ya fonti iliyosakinishwa humo. Fonti isipokuwepo, au ikiwepo lakini haina herufi hiyo, kompyuta haigomi wala haipigi kelele. Inaazima kwa fonti nyingine na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Uungwana huo ndio unaotuponza.

Mwalimu alikuwa ameandika kwa Times New Roman, ambayo kwenye Windows za miaka hii ina ɨ na ʉ. Mimi, nikitaka kitabu kipendeze, nikabadilisha maandishi yote kwa fonti nzuri niliyoipakua. Fonti ile ilikuwa na A hadi Z, tarakimu, na herufi za Kifaransa na Kijerumani zenye vikofia na vidoti. Kirangi hakikuwemo kichwani mwa aliyeichora. Word ikaenda kuazima ʉ na ɨ kwingine, bila kuniuliza.

Kumkamata mgeni wa namna hii ni rahisi ukishamshuku. Chagua herufi hiyo moja tu, usichague neno zima, kisha tazama kisanduku cha jina la fonti pale juu. Mara nyingi utakuta jina tofauti na la maandishi mengine. Ukitaka kujua ni herufi gani hasa, weka kishale mara tu baada yake na ubonyeze Alt na X. Word itaigeuza kuwa namba yake: ʉ ni 0289, ɨ ni 0268. Bonyeza tena, inarudi kuwa herufi. Hii Alt na X imeniokoa kuliko programu yoyote ya kununua. Nimewahi kuletewa hati ambayo mwandishi, kwa kukosa ʉ kwenye kibodi, alikuwa ameandika u ya kawaida na kuikata kwa ule mstari wa kufutia maneno. Kwa macho inapita. Kwa kompyuta ni u tu, na ukihamisha maandishi kwenda programu nyingine kistari kinabaki njiani, maneno yanabadilika maana.

Anayeandika Kiswahili peke yake asidhani haya ni ya Warangi tu. Tuna ritifaa. Andika ng'ombe kwenye Word na utaona ile alama iliyosimama wima, namba 0027, inajigeuza kuwa iliyopinda, namba 2019. Kuna fonti nyingi za bure, hasa za mapambo na za kuigiza mwandiko wa mkono, zilizochorwa zikiwa na ile ya wima tu. Matokeo yake ni bango lenye neno "ng’ang’ania" kwa mwandiko wa kurembuarembua, na ritifaa mbili zilizoazimwa kwa jirani, ngumu kama misumari. Kabla sijaipokea fonti yoyote sasa naijaribu kwa sentensi moja: Ng’ombe wa mwalimu anang’aa. Ikianguka hapo, siendi nayo mbali.

Kijitabu nikakihamishia Gentium, fonti inayotolewa bure na shirika la SIL, ambao kazi yao kubwa ni lugha ambazo wachora fonti wengi huzisahau. Wana pia Charis na Doulos. Zote zina herufi za lugha zetu nyingi, na leseni yake inakuruhusu kuchapisha kitabu na kukiuza bila kumwomba mtu. Kwenye hilo la leseni niseme moja tu: fonti iliyoandikwa "free for personal use", yaani bure kwa matumizi binafsi, si ya bango la duka la mteja.

Kosa la pili ni la fonti nzima kukosekana, na hili hutokea hati inaposafiri. Dada mmoja alitengeneza kadi ya harusi nyumbani kwenye kompyuta yake ndogo, akaibeba kwenye flashi hadi steshenari. Kule ikafunguka majina ya maharusi yakiwa kwa herufi za barua ya kuomba kazi. Akadhani flashi ina virusi. Flashi ilikuwa nzima kabisa. Ilibeba jina la fonti, na fonti yenyewe ikabaki nyumbani. Kinachochanganya ni kwamba Word iliendelea kuonyesha jina lile lile la fonti pale juu, wakati herufi zilizokuwa kwenye skrini ni za fonti nyingine. LibreOffice, programu ya bure ya kazi kama za Word, ni mkweli zaidi: jina la fonti isiyokuwepo huliandika kwa mlazo, yaani herufi zilizoinama. InDesign, programu ya kupangia vitabu, nayo inakupa onyo mapema na kuyapaka maandishi rangi ya waridi. Kwenye Word ingia kwenye mipangilio, sehemu ya "Advanced", utafute kitufe cha "Font Substitution". Hapo itakiri nini kimeazimwa badala ya nini.

Ubaya mwingine wa kuazima ni upana. Herufi za fonti mbili hazilingani, kwa hiyo mistari inahama, aya zinarefuka, na kijitabu cha kurasa 64 kinafika 65. Asiyefanya kazi ya uchapaji atauliza ukurasa mmoja una shida gani. Vijitabu vya kushonwa kwa pini katikati huenda kwa kurasa nne nne, kwa hiyo 65 maana yake ni 68, tatu kati yake tupu, na mteja analipia karatasi hizo. Ndiyo maana kuna fonti zilizochorwa makusudi zilingane upana na nyingine: Carlito kwa Calibri, na Liberation kwa Arial, Times New Roman na Courier New. Sura zinatofautiana kidogo lakini mistari haihami. Mwenye LibreOffice anayepokea hati za Word kila siku anazihitaji.

Dawa ya safari ni PDF yenye fonti ndani yake. Usiiamini kwa kuitazama kwenye kompyuta uliyoitengenezea, kwa sababu fonti ipo hapo na kila kitu kitaonekana sawa. Ifungue kwa Acrobat Reader, bonyeza Ctrl na D, nenda kwenye kichupo cha "Fonts". Kila jina liwe na neno "Embedded" pembeni. Lisilokuwa nalo ndilo litakalokuaibisha kwa mchapaji. Kuna fonti ambazo mwenye nazo amezifunga zisiingizwe kwenye hati, na hizo hata ukilia hazikubali. Mafundi wengi wa mabango hukwepa yote haya kwa kugeuza maandishi kuwa michoro, Ctrl na Q kwenye CorelDRAW, programu yao ya kuchorea. Inafanya kazi, lakini weka nakala yenye maandishi hai kwanza. Mteja akirudi kusema jina la bwana harusi ni Hamisi, si Hamis, hutaki kukuta ulichobaki nacho ni michoro.

Sasa kusakinisha kwenyewe, ambako watu wanadhani hakuna cha kujua. Tangu toleo la 2018 la Windows 10, ukibofya "Install", fonti inaweza kuingia kwenye akaunti yako peke yako, siyo kwenye folda kuu ya C:\Windows\Fonts. Mwenzako akiingia kwa akaunti yake haioni, na programu nyingine, hasa za zamani, hazioni hata ukiwa wewe. Nimeitwa ofisini kwa watu mara kadhaa kwa kesi hii: "fonti nimeiweka, Word inaiona, ile programu nyingine haiioni." Itoe, kisha bofya faili yake kwa kitufe cha kulia uchague "Install for all users". Halafu funga programu na uifungue upya, kwani nyingi husoma orodha ya fonti zinapowaka tu.

Usisahau pia kwamba familia moja ya fonti ni faili kadhaa: ya kawaida, nzito, ya mlazo, na nzito ya mlazo. Ukisakinisha ya kawaida peke yake kisha ukabonyeza B, Word inainenepesha kwa nguvu. Inazalisha herufi zenye matumbo yaliyojaa wino, na kwenye karatasi ya gazeti zinazibika kabisa.

Fonti moja ikiwepo mara mbili, kwa matoleo tofauti yenye jina moja, utapata vituko visivyoelezeka: leo mistari iko sawa, kesho imehama. Toa zote mbili, washa kompyuta upya, rudisha moja. Na kama hata baada ya hapo herufi zinatoka zimevurugika kwenye kila programu, shuku kache, yaani kumbukumbu ambayo mfumo unajiwekea ili usisome mafaili ya fonti kila mara. Kwenye Windows fungua services.msc, simamisha "Windows Font Cache Service", futa yaliyomo kwenye folda ya FontCache iliyo ndani ya C:\Windows\ServiceProfiles\LocalService\AppData\Local, kisha washa upya. Mac, kuiwasha kwa hali salama mara moja kunatosha. Linux ni amri moja, fc-cache -f -v. Lakini kache si mganga wa kila kitu. Watu wanaifuta kwa tatizo la ʉ na wanashangaa ʉ haijaja.

Na tafadhali, fonti 3,000 za nini? Kijana wangu wa kazi alizisakinisha zote kutoka kwenye diski ya rafiki yake. Corel ikawa inachukua muda wa kuteremka kununua chai na kurudi ndipo iwake. Weka zile za mfumo (Segoe UI usiiguse kabisa, menyu zenyewe zinaitegemea) na za kazi ya kila siku. Zilizobaki ziache kwenye folda na uziwashe zinapohitajika kwa programu za kusimamia fonti kama NexusFont au FontBase.

Mwalimu alirudi siku iliyofuata. Akapitia nakala mpya, safari hii na rula, mstari kwa mstari, na kila ʉ ilikuwa imekaa na wenzake. Akafunga kijitabu, akatazama jalada, akakigeuza kunielekezea. Pale juu, kwa ile fonti yangu nzuri niliyoshindwa kuiacha, liliandikwa Kɨlaangi, jina la Kirangi kwa Kirangi chenyewe. Ile ɨ ilikuwa imenenepa.

Jalada sikulibadilisha fonti. Niliandika i ya kawaida, nikaligeuza neno lote kuwa mchoro, nikachora kistari kwa mkono, unene ule ule wa herufi. Mwalimu alisimama nyuma ya kiti changu akiniambia, "Teremsha kidogo. Kidogo tena. Hapo."