Je, wajua kwa nini mbao ya 6 kwa 2 hubeba paa vizuri kuliko ya 4 kwa 4?

Uliza fundi au mwenye hadwea, Nakuru au Kisumu, mbao gani zitafaa kubeba paa la chumba kifupi cha uani, kile cha mteremko mmoja kinachojengwa kando ya ukuta wa boma. Wengi watakwambia uchukue iliyo nene. Ya 4 kwa 4 ni kama nguzo. Itashindwaje na ya inchi 2? Jicho linakubali, ila hesabu inakataa. Ya 4 kwa 4 ina mti mwingi zaidi kwa theluthi moja, na bado ikibeba mzigo uleule hunepa zaidi ya 6 kwa 2 iliyosimamishwa kwa ubavu, inchi 6 zikiwa kimo na 2 zikiwa upana.

Tandaza godoro la sponji juu ya viti viwili vilivyoachana. Linaponepa, uso wa juu hukunjamana kwa kubanwa na wa chini hutanuka kwa kuvutwa. Katikati ya unene wake lipo tabaka lisilobanwa wala kuvutwa. Ndani ya mbao hutokea vivyo hivyo, kwa kiasi kidogo mno kuonekana. Nyuzi za juu kabisa na za chini kabisa ndizo zinazofanya kazi; za katikati husindikiza tu. Kadiri uzi ulivyo mbali na katikati, ndivyo unavyonyooshwa zaidi na kukataa zaidi, na ndivyo ukataaji wake unavyopata nafasi ndefu ya kupinga mnepo. Tena mbao yenye kimo kikubwa ina nyuzi nyingi zaidi. Ndiyo sababu katika kupima ugumu, yaani uwezo wa kupinga mnepo, kimo huzidishwa kwa chenyewe mara tatu, ilhali upana huhesabiwa mara moja.

Sita kwa 2 iliyosimama: 2 × 6 × 6 × 6, yaani 432. Nne kwa 4: 256. Ukiilaza ile 6 kwa 2 chali, inabaki 48, sehemu moja ya tisa ya ugumu wake! Hata Galileo, mwanasayansi maarufu wa Italia, alipoandika juu ya jambo hili mwaka 1638, alidhani nyuzi zote huvutwa. Coulomb, mhandisi Mfaransa, aliwasilisha maelezo sahihi mwaka 1773.

Kuvunjika kuna hesabu yake, ambapo kimo huzidishwa kwa chenyewe mara mbili tu: 2 × 6 × 6, yaani 72, dhidi ya 4 × 4 × 4, yaani 64. Hapo tofauti ni ndogo. Lakini kwenye paa lenye mteremko mdogo, mnepo ni hatari yenyewe, kwa sababu maji hutuama palipobonyea, na sentimita 1 ya maji ni kilo 10 kwa kila mita ya mraba. Uzito huo hunepesha zaidi, na maji yanaongezeka.

Huko Uingereza, kibanda cha bustani kilicho ndani ya mita 2 kutoka mpakani hakitakiwi kuzidi kimo cha mita 2.5 kama kinajengwa bila kibali cha mipango, kwa hiyo kila inchi hugombaniwa. Kwetu ufupi huletwa mara nyingi na dirisha la nyumba kubwa, ambalo paa halitakiwi kuliziba. Kishawishi ni kushuka hadi 4 kwa 2 ili kuokoa inchi 2. Ugumu wake ni 128, kwa hiyo utahitaji zaidi ya tatu kufidia 6 kwa 2 moja. Afadhali uache silingi, kichwa kipate nafasi kati ya mbao, na uzipitishe upande mfupi wa chumba. Kwa mbao ileile na mzigo uleule kwa kila mita, urefu wa mita 5 bila nguzo hunepa karibu mara nane ya mita 3.

Hesabu hizi zinalinganisha mti wa aina moja, mkavu, usio na mafundo makubwa. Saiprasi mbichi huendelea kunepa miezi mingi baada ya kupigiliwa mabati. Pima kwa futi kamba kabla ya kulipa: “6” ikiwa 5.5, karibu robo ya ugumu imekwenda. Kimo kirefu pia hupenda kuanguka ubavu, basi weka vipande vya kukaza kati ya mbao na mbao. Na fundi wa umeme akitaka kupitisha waya, atoboe tundu dogo katikati ya kimo. Asikate kamwe ukingo wa chini.