Pain na penalti, ndugu wa ukoo mmoja

Neno "pain" la Kiingereza hata asiyejua Kiingereza keshaliona, maana limeandikwa kwenye pakiti za dawa za maumivu. Wengi hawajui kwamba lina undugu na penalti, hii hii ya mpira.

Babu yao ni "poine" ya Kigiriki cha kale, na huyo hakuwa maumivu hata kidogo. Alikuwa dia: mali anayotoa muuaji ili ndugu wa marehemu wasilipize kisasi. Katika utenzi wa Homer, mshairi wa Kigiriki wa kale, shujaa Ajax anamsema shujaa mwenzake Achilles kwa kushikilia hasira, akimkumbusha kwamba hata mtu aliyeuliwa ndugu au mwana hupokea dia akatulia, na muuaji akishalipa anaendelea kukaa kwao.

Waroma wakaliita "poena", likawa faini na adhabu ya kila aina, na humo ndimo ilimotoka penalti. Kwa Wafaransa likawa "peine". Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa chao kikaingia nao, na neno hili likafuata baadaye. Kwa maumivu, Waingereza tayari walikuwa na "ache" yao ya asili, ambayo mpaka leo ndiyo ya jino na kichwa. Lakini hili la adhabu likapata nafasi. Hakimu akitaja viboko anataja adhabu. Anayechapwa anajua uchungu tu. Basi jina likatoka mdomoni mwa hakimu likahamia mgongoni mwa mhukumiwa.

Maana ya zamani bado ipo. "On pain of death" ni kusema ukikaidi, adhabu yako ni kifo. Ukilitia wingi, "pains", linakuwa taabu unayojipa ili kazi itoke safi. Na "a pain in the neck", ambayo mimi nilidhani ni ugonjwa wa shingo, ni mtu msumbufu.

Msomaji wa Bukavu au Bujumbura hapa atacheka, kwani kwake "pain" ni mkate. Hicho ni Kifaransa, kutoka "panis" ya Kilatini. Yanafanana kwa maandishi tu, hayajuani.

Sisi maumivu tumeyatoa kwenye kuuma: jino linauma, na mbwa anauma. Hakuna hakimu hapo. Ila tuna adhabu, tuliyoipata kwa Waarabu, nayo imebeba hukumu na mateso kwa pamoja. Anayeiogopa adhabu ya kaburi hawazi faini.