Risasi ikibaki kichwani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Majeraha ya kichwa yanayofika Hospitali ya Bugando, Mwanza, mengi ni ya ajali za barabarani, bodaboda zikiwemo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya upasuaji unaofanywa kwa majeraha hayo ilijifunzwa vitani, na dhana potofu ni zilezile, uwe Mwaloni Kirumba au Nansio.

Dhana: Risasi isipotolewa, mgonjwa atakufa

Risasi ikishatulia ndani ya ubongo, yenyewe si tatizo kubwa. Kinachoua ni damu kuvilia, uvimbe, na vijidudu vinavyopita kwenye ngozi na utando wa ubongo uliochanika.

Mwaka 1917, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari wa upasuaji Mmarekani, Harvey Cushing, alifyonza ubongo uliokufa na vipande vya mfupa kwa mpira laini, kisha akafunga jeraha. Ndani ya miezi mitatu vifo vya aliowapasua vilishuka kutoka takriban 54 hadi 29 katika kila 100. Waliomfuata wakazidisha: hadi vita vya Vietnam, majeruhi walirudishwa mezani kutafuta vipande vilivyoonekana kwenye eksirei, na kila mara sehemu ya ubongo isiyo na jeraha nayo iliumia. Vita vya miaka ya 1980, Lebanoni na kati ya Iran na Iraki, vilionyesha kwamba maambukizi hutokana zaidi na majimaji ya ubongo kuvuja kwenye jeraha kuliko na vipande vilivyobaki.

Kwa hiyo daktari huondoa bonge la damu, mfupa uliosagika na vipande vinavyofikika bila kuchimba. Kisha hushona utando wa ubongo usivuje. Ukipungua, huutia kiraka cha utando unaofunika fuvu kwa juu au wa paja. Risasi hufuatwa ikihama, ikiziba njia ya majimaji au ikizungukwa na usaha. Ndugu wamtajie kila daktari kipande kilichobaki, maana sumaku ya mashine ya MRI inaweza kukivuta.

Dhana: Ameongea, basi kapona

Hii ndiyo tunayoiogopa kuliko zote. Mshipa ulio chini ya mfupa wa panja ukipasuka, mgonjwa anaweza kuzinduka, akaongea, akaomba maji, kisha baada ya saa chache akazimika. Mboni moja ikipanuka na kuacha kuitikia tochi, ubongo unaminywa, na mara nyingi bonge liko upande huohuo.

Kipimo cha Glasgow, kinachopima kiwango cha fahamu, kina alama 3 hadi 15. Kuanzia 8 kushuka ni jeraha kali, na mgonjwa huwekewa mpira wa kupumulia. Kabla ya kivuko cha Ukerewe au gari la kutoka Sengerema: shingo ifungwe, oksijeni iwekwe, kichwa kiinuliwe nyuzi 30, na kwa kijana namba ya juu ya presha isiwe chini ya 110. Presha ikishuka kwa mtu mzima, usilaumu kichwa kwanza. Tafuta damu tumboni, kifuani na kwenye nyonga.

Dhana: Dripu ya glukosi na dexamethasone hupunguza uvimbe

Sukari ikishatumika mwilini, yanabaki maji matupu yanayouvimbisha ubongo. Tumia salaini ya 0.9%. Dawa za jamii ya dexamethasone nazo zilijaribiwa kwa majeruhi zaidi ya 10,000, na waliopewa walikufa wengi zaidi. Manitoli, dawa ya dripu inayovuta maji kutoka kwenye ubongo, husaidia, gramu 0.25 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito, ila si kwa mwenye presha ya chini, kwa sababu humkojoza sana.

Dhana: Tundu dogo kwenye fuvu ni salama kuliko kuondoa mfupa mkubwa

Kwa ubongo uliovimba ni kinyume chake. Ubongo husukumwa kwenye tundu dogo, mishipa ikabanwa ukingoni, uvimbe ukaongezeka. Dirisha linalopendekezwa ni kama sentimita 12 kwa 15. Mfupa huhifadhiwa kwenye friza au chini ya ngozi ya tumbo, na hurudishwa baada ya wiki au miezi. Uliochafuka huachwa na kubadilishwa, kwa mfano kwa titani. Katikati ya muda huo mgonjwa huvaa kofia ngumu kila anaposimama.

Ndugu waambiwe bayana kabla ya kusaini: katika utafiti wa 2016 wa wagonjwa ambao dawa zilishindwa kushusha shinikizo kichwani, upasuaji huu wa kuondoa mfupa ulipunguza vifo vya miezi sita kutoka karibu 49% hadi 27%, lakini waliobaki bila fahamu waliongezeka kutoka 2% hadi 8.5%.