Je, wajua kwa nini Mlima Kilimanjaro huonekana mdogo kwenye picha ya simu?

Ni alfajiri, mawingu hayajapanda, uko Moshi mjini na Kibo, kilele cha mlima huo, imejaa mbele yako. Unatoa simu, unapiga. Kinachotoka ni nyaya za umeme, bati la jirani, na huko nyuma kichuguu cheupe. Simu si mbovu.

Kilele kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na mji hauzidi mita 1,000. Yaani mlima umeupita mji kwa kilomita 5 hivi, ila uko mbali kama kilomita 30. Ukipima pembe, kutoka usawa wa macho hadi kileleni ni nyuzi 9 au 10 tu. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana: ukiilaza simu, inameza nyuzi 50 hivi toka chini hadi juu. Basi mlima unapewa moja ya tano ya kimo cha picha. Jicho nalo huona pana, ila akili huuchagua mlima na kuzipuuza nyaya. Lenzi haichagui.

Dawa ya haraka ni kuuvuta mlima kwa vidole, na hapo ndipo wapiga picha wa ridhaa hugombana. Simu isiyo na lenzi ya kuvutia mbali hukata tu kingo za picha. Ukivuta mara mbili, inabaki nusu ya upana na nusu ya kimo, basi megapikseli 12 zinabaki 3, na wapenda ubora wanalia chenga, yaani vidoti vya picha isiyo laini. Mimi nasema vuta. Megapikseli 3 zinatosha kusafisha picha ya inchi 4 kwa 6, na WhatsApp itaibana hata hivyo. Chenga kidogo na mlima wenye ukubwa wake ni afadhali kuliko nyaya zilizotoka kali.

Ubishi huu ni wa zamani. Julia Margaret Cameron wa Uingereza alianza kupiga picha mwaka 1863, akiwa na miaka 48. Wakosoaji wa enzi hiyo walimsema kwa sura zake zenye ukungu. Leo picha hizo zinatunzwa kwenye makumbusho ya London. Lakini ukungu ule aliutaka mwenyewe. Mkono uliotetemeka ukiwa juu ya bodaboda ni habari nyingine.

Jambo moja la kiufundi silisamehei: theluji iliyoungua. Alfajiri, ardhi ikiwa bado giza, simu huongeza mwanga na barafu inageuka doa jeupe lisilo na mikunjo. Kivuli unaweza kukiangaza baadaye; theluji iliyoungua hairudi. Gusa theluji kwenye kioo, kisha punguza mwanga kabla ya kupiga.

Na ukiwa na mtu mbele ya mlima? Mtu wa mita 1.7 akisimama mita 10 kutoka kwako, kimo chake pichani kinalingana na cha mlima. Akiwa mita 2, anaufunika. Mrudishe hadi mita 20, vuta, na mlima unamzidi mara mbili. Barabara ya kwenda TPC, kiwanda cha sukari kusini mwa Moshi, ina nafasi ya kutosha kwa hilo. Tatizo ni kwamba sura yake nayo inapungua, na mgeni kutoka Dar anataka vyote viwili. Huyo mpigie picha mbili.