Kamala maana yake nini?

Mswahili akiliona jina Kamala hutamka ka-MA-la, kwa kuwa mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wahindi wenyewe husema KA-ma-la: mkazo mwanzoni, na a ya mwisho ikivutwa. Kamala Harris, makamu wa rais wa Marekani kuanzia 2021 hadi 2025, amehangaika nalo miaka mingi. Mwaka 2024 wajukuu wa mdogo wake walipanda jukwaani Chicago kuufundisha mkutano mkuu wa chama chake, Democratic, namna ya kulitamka.

Kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kamala ni yungiyungi, na hasa lile kubwa la Asia lenye rangi ya waridi, ambalo ni ua la taifa la India. Likimalizika kwa a ndefu huwa la kike, na hapo ni jina pia la Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali, ambaye kwenye picha huonekana amekaa au amesimama juu ya ua hilo. Mama yake Harris, Shyamala Gopalan, alikuwa Mhindi wa kusini. Binti yake alipozaliwa Oakland mwaka 1964 alimwita Kamala, na jina la kati akampa Devi, yaani mungu wa kike. Yasome pamoja umwone Lakshmi.

Kwa nini ua hili? Mizizi yake imezama topeni, lakini ua huchanua juu ya maji, safi kabisa. Jani lake nalo halilowi. Tone la maji huviringika na kuteleza kama kwenye jani la mgimbi. Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, katika sura ya 5 inamfananisha na jani hilo mtu atendaye kazi bila kung'ang'ania matunda yake: dhambi haimgandi.

Washairi wa Kisanskriti walilipenda ua hili hata wakalirundikia majina: Padma, Rajiva, Saroja, na ninalolipenda zaidi, Pankaja. Panka ni tope, ja ni aliyezaliwa. Kina Pankaj si wageni Mombasa wala Dar es Salaam, na ni jina la heshima zake, ingawa sijui nani kati yetu angekubali mwanawe aitwe Mzaliwa wa Tope! Rajiv Gandhi, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa India, naye ni yungiyungi. Bibi yake mzaa mama alikuwa Kamala Nehru, kwa hiyo ua lilirudi nyumbani kwa neno jingine.

Mkanganyiko unaanzia kwa Kamal. Kihindi hudondosha a ya mwisho ya Kisanskriti, basi Kamal wa Kihindu ni ua lile lile. Kamal wa Kiislamu ni neno la Kiarabu, lenye a ya pili ndefu, maana yake ukamilifu; ni shina moja na kamili yetu. Kwa herufi tunazotumia sisi, wawili hao huandikwa sawasawa.

Halafu kuna Kamala wa Kagera. Diodorus Kamala, aliyewahi kuwa waziri Tanzania, ni mwanamume na jina lake halikupitia India. Huyo usimtafutie ua.